Bwawa la Shangazi Halikupasuka

Barua ilimkuta Shangazi akiwa ndani ya maji. Mhudumu wa ofisi aliileta hadi ukingoni mwa bwawa, akainama na kumnyooshea, naye akaambiwa aiweke juu ya taulo, kwa sababu mikono yote miwili ya Shangazi ilikuwa imeshika kiuno cha Dereva. Huyu Dereva alikuwa mtu wa malori mpaka siku lori lilipomlalia. Sasa alikuwa anajifunza kutembea upya, hatua nane kwenda na hatua nane kurudi, maji yakimbebea ule uzito ambao miguu yake ilikuwa bado haiuwezi. Shangazi hakuwa mtu wa kumwachia mgonjwa katikati ya hatua ya tano kwa ajili ya karatasi.

Aliisoma baadaye kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo. Barua ilisema kwamba kwa miezi sita maji ya bwawa la mazoezi yamekuwa yakipungua isivyo kawaida. Kwamba msimamizi wa bwawa, yaani yeye, huacha wazi bomba la kutolea maji kila anapofanya usafi asubuhi. Na kwamba ana siku saba za kuandika maelezo ya kukiri uzembe wake. Aya ya mwisho ilikuwa fupi. Mhandisi amelikagua bwawa na kuona limepasuka kitako, halitengenezeki, hivyo uongozi utapendekeza kwa bodi lifukiwe na pajengwe ukumbi wa mikutano.

Shangazi alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kituo hicho cha kuwarudishia watu nguvu za viungo vyao. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ya kuamrisha, na wagonjwa walimwogopa wiki ya kwanza na kumlilia wiki ya kuondoka. Aliisoma barua mara ya pili na kuona kitu ambacho aliyeiandika hakukiona. Kama bwawa limepasuka, basi bomba halikuachwa wazi. Na kama bomba liliachwa wazi, basi bwawa ni zima. Walitaka kuwahukumu wote wawili, yeye na bwawa, kwa kosa moja.

Akaigeuza barua, akaazima kalamu, akaandika nyuma yake: "Bomba sikuliacha wazi. Bwawa linavuja, na nitaonyesha linavujia wapi." Akatia saini na kuipeleka ofisini mwenyewe, ndala zikiacha alama za maji njia nzima.

Kuandika ilikuwa kazi nyepesi. Jioni ile alikaa jikoni kwake akiwa na simu mkononi, sufuria ikichemka mpaka ikaanza kuunguza. Mtu pekee aliyemfahamu katika kazi ya namna hiyo alikuwa mtoto wa kaka yake, na kwa miaka minne walikuwa hawajazungumza zaidi ya salamu za misibani.

Shangazi ndiye aliyemlea binti huyo tangu kaka yake alipofariki. Alimhangaikia mpaka akapata nafasi chuo cha uuguzi. Binti akakaa mwaka mmoja, akafunga mizigo bila kuaga, akaenda kujifunza ufundi bomba. Kutoka hapo akaingia kwenye kazi ambayo wengi hawajui kama ipo: kutafuta mahali maji yanapotorokea. Aliitwa kwenye mabwawa ya kuogelea ya hoteli, kwenye vidimbwi vya samaki vya bustanini, kwenye mabeseni makubwa ya maji moto ambayo watu hukaa ndani kupumzisha mwili. Wateja walimpa jina la Wino, kwa sababu ya bomba la sindano lenye rangi nyekundu ambalo hakuachana nalo. Shangazi alikuwa amesema, mbele ya ukoo mzima uliokusanyika, kwamba yeye hakulea mtoto ili aje kuchimba mitaro. Neno hilo lilimfikia Wino kabla ya chakula kupakuliwa.

Wino alipokea simu, akaamkia, akaitikiwa. Shangazi akamweleza habari ya barua harakaharaka, kama mtu anayemeza dawa chungu. 

"Shangazi," Wino akasema, "unamwita mtoto wako au unamwita mchimba mitaro?"

"Namwita fundi. Mtoto wangu akifuatana naye, nitafurahi."

Wino alifika siku ya pili yake na sanduku la zana, miwani ya kuzamia na begi dogo la nguo. Alikuwa mrefu kuliko Shangazi alivyomkumbuka, na alikuwa na kichwa kigumu kilekile. Kabla ya kunywa chai alitaka kuliona bwawa.

Mkurugenzi wa kituo hakuwazuia. Alikuwa mtu wa tabasamu, mwenye kalamu mbili mfukoni, na aliwapokea kwa maneno matamu. Alisema wapime watakavyo. Bodi itakutana baada ya siku kumi na moja, na mhandisi ameshamaliza kazi yake. Sharti lake lilikuwa moja tu: bwawa lisiongezwe hata ndoo moja ya maji, maana uongozi hauwezi kuendelea kujaza kitu kisicho na kitako. Alidhani amewakomoa. Wino akamshukuru na kumwambia kwamba hawahitaji hata tone.

Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kulifunga bomba la kutolea maji. Alilizungushia mnyororo, akatia kufuli, akampa mlinzi wa getini ufunguo na kumtaka aandike kwa mkono wake kwamba ameupokea na hatampa mtu. Kisha akachota maji ya bwawa kwenye ndoo, akaiweka juu ya ngazi ya pili, ndani ya bwawa, akapiga mstari wa penseli kuonyesha maji yalipofika ndani ya ndoo na mwingine yalipofika nje yake. Dereva, aliyekuwa amekaa ukingoni akikausha miguu, aliuliza huo ni uganga gani.

Wino alimweleza kwamba jua na upepo vinakunywa maji ya bwawa, na maji ya ndoo pia, kwa kiu ileile. Kesho yake, kama ndoo na bwawa vimepungua sawa, basi ni jua. Kama bwawa limepungua zaidi, kuna tundu.

Kesho yake ndoo ilikuwa imepungua upana wa ukucha. Bwawa lilikuwa limeshuka vidole vinne, na kufuli lilikuwa mahali pake. Shangazi alitaka kwenda ofisini dakika ileile akampe Mkurugenzi vidonge vyake. Wino akamshika mkono.

"Tukienda sasa watasema ni ufa. Bado hatujajua ni wapi."

Siku hiyo wakazima pampu. Kufika asubuhi maji yalikuwa yameshuka vidole vinne vilevile. Kwa hiyo mabomba ya pampu hayakuwa na kosa, kwani yangekuwa na kosa, maji yangepotea zaidi pampu inapoyasukuma. Wino akavaa miwani na kuzama kwenye nyufa ambazo mhandisi alizizungushia duara katika picha za ripoti yake. Juu ya kila ufa alitoa tone la rangi nyekundu kutoka kwenye bomba lake la sindano. Rangi ilitulia palepale, ikaning'inia kama moshi kwenye chumba kisicho na upepo. Nyufa zile zilikuwa za plasta ya juu tu. Hazikuvuta kitu.

Alipanda, akapumua, akazunguka ukuta. Bwawa lilikuwa na taa nne zilizochongewa nafasi ukutani chini ya maji. Mbele ya taa ya kwanza na ya pili rangi ilitulia. Mbele ya taa ya tatu ilinyooka kama uzi, ikaingia nyuma ya fremu, ikatoweka.

Wakazima umeme wa taa zote na kung'oa fyuzi. Wino akailegeza taa, akaivuta kwa waya wake, akaingiza kidole nyuma. Hapo palikuwa na mdomo wa kibomba cha plastiki kinachopitisha waya kwenda nje. Kilipaswa kuzibwa kuuzunguka waya. Kilikuwa kimesokomezewa kipande cha tambara.

Aliibuka na tambara mkononi, akauliza ni nani aliyezigusa taa hizo. Shangazi hakuhitaji kufikiri. Zilibadilishwa miezi sita iliyopita, Mkurugenzi alipotaka bwawa ling'ae kwenye picha za tangazo la kituo. Fundi umeme aliletwa na Mkurugenzi mwenyewe, akamaliza kazi yote kabla ya saa sita mchana.

Mtu mwingine angeishia hapo, akaenda na tambara lake ofisini. Wino alisema tambara si ushahidi. Litaitwa tambara la kuletwa. Na rangi aliyoiona chini ya maji aliiona peke yake. Alitaka kitu ambacho hata mtu asiyewapenda atakiona kwa macho yake. Akachukua utepe mweupe wa gundi, akaubandika ukutani karibu na ngazi, usawa uleule wa mdomo wa kibomba, na juu yake akaandika kwa wino usiofutika: MAJI YATASIMAMA HAPA. Akaweka tarehe na saini.

Shangazi aliutazama utepe huo. Kutoka kwenye maji hadi pale palikuwa na zaidi ya shibiri moja.

"Na yasiposimama?"

"Yasiposimama, nitaandika kwamba mimi ni mchimba mitaro, nawe utie saini."

Kuanzia hapo haikuwa siri tena. Maji yalishuka mbele ya kila mtu. Wapishi walipita kutazama, wahudumu wa ofisi walikuja na vikombe vyao vya chai, na Mkurugenzi akawaleta wageni wake mara mbili, akawaonyesha ukuta ulioachwa mkavu na kuwaambia kwa upole kwamba bwawa hili linakufa lenyewe. Akalipiga picha. Mazoezi hayakukoma. Dereva, aliyezoea maji ya kifua, sasa alitembea kwenye maji ya tumbo, akitetemeka, jasho likimtoka akiwa ndani ya maji. Alimwambia Shangazi kwamba kadiri bwawa linavyopungua, yeye anaongezeka uzito, na kama ni njama yao ya kumfanyisha kazi, ameishtukia.

Siku ya sita Mkurugenzi alimwita Shangazi ofisini na kumkaribisha kiti. Alimwambia anamheshimu kama dada yake mkubwa. Hakutaka mambo haya yafike mbali. Ukumbi ukijengwa utahitaji msimamizi, na kazi hiyo ni ya kukaa, haina baridi wala magoti kuuma. Kilichohitajika ni mistari miwili tu.

"Andika kwamba ulisahau," alisema. "Kusahau kuna kosa gani? Sote tunasahau."

"Siku nikisahau nitaandika kwamba nimesahau. Sikusahau."

"Unajua bodi inakutana baada ya siku tano."

"Najua. Nitakuwa kazini."

Akanyanyuka bila kungoja kuruhusiwa. Lakini alipofika nyumbani alikaa bila kuvua viatu. Wino alikuwa jikoni akikausha masikio yaliyojaa maji, kichwa kimeinamia upande mmoja. Shangazi akamwambia akae chini, akachukua kona ya taulo safi na kumkausha mwenyewe, kama alivyomfanyia alipokuwa na miaka saba. Katikati ya kazi hiyo, bila kumtazama usoni, akasema kwamba lile neno la mitaro alilisema mbele ya watu, kwa hiyo atalifuta mbele ya watu. Wino akamwambia ngoja kwanza maji yasimame. Lakini hakuliondoa sikio lake mkononi.

Siku ya saba maji yalishuka vidole vitatu tu. Siku ya nane, kidole kimoja na nusu. Yalikuwa yameugusa utepe. Shangazi hakulala vizuri, na alfajiri alifika kazini kabla ya mlinzi wa mchana. Alipiga magoti ukingoni. Maji yalikuwa yamekata katikati ya herufi, yametulia kama yamelala. Ndoo, ambayo Wino aliishusha ngazi kadiri maji yalivyoshuka, na bwawa vilikuwa vimepungua sawa: upana wa ukucha. Siku ya kumi, vivyo hivyo. Watu walikuja kutazama, safari hii wakinong'ona. Mkurugenzi hakuja.

Bodi ilipofika siku ya kumi na moja, watu saba na viatu vyao vizuri, Shangazi alikuwa ndani ya maji na Dereva. Mkurugenzi alimtaka atoke ili wajumbe wazungumze kwa nafasi. Alijibu bila kugeuka kwamba mgonjwa yuko hatua ya sita, na kwamba wajumbe wanaweza kuzungumza, hawamsumbui. Mkurugenzi akarudia agizo kwa sauti nzito zaidi. Shangazi akahesabu: saba. Kisha nane. Wajumbe wakangoja, kwa sababu hakuna aliyejua afanye nini kingine.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa mama mtu mzima, muuguzi mstaafu, mwembamba, mwenye fimbo ya kutembelea. Alisoma ripoti ya mhandisi akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa. Mkurugenzi akaeleza kuhusu kitako kilichopasuka. Akasema kusimama kwa maji siku mbili hizi hakumaanishi kitu. Yamepumzika tu, uzito umepungua, yataendelea kushuka.

Mwenyekiti akainua macho. "Kama kitako ndicho kilichopasuka, haya yaliyobaki yanasubiri nini?"

 Mkurugenzi akasema mhandisi ndiye angeweza kueleza vizuri zaidi, bahati mbaya amesafiri.

Wino akaomba ruhusa. Aliwaonyesha utepe, saini na tarehe, na karatasi ya mlinzi kuhusu ufunguo. Kisha akawaomba wajumbe watatu wazunguke nyuma ya chumba cha pampu, wasimame kwenye mfereji, mahali waya za taa zinapotokea kwenye kisanduku kilicho chini kabisa ya ukuta. Mwenyekiti akasema ataenda mwenyewe, fimbo na yote. Wino akakoroga rangi nyekundu kwenye ndoo, akachukua mpira mwembamba wenye faneli, akaingiza ncha yake kwenye mdomo wa kibomba nyuma ya taa ya tatu, akaanza kumimina taratibu. Ndoo nzima ikaingia ukutani. Haikurudi.

Walisubiri. Dereva alikuwa ameshika reli na kunyoosha shingo. Kisha kutoka nyuma ya chumba cha pampu ikasikika sauti ya mjumbe mmoja ikisema, kwa utulivu kabisa, kwamba kiatu chake kimekuwa chekundu.

Mwenyekiti aliporudi, ncha ya fimbo yake ilikuwa nyekundu pia. Alimuuliza Wino kulitengeneza tundu hilo kutachukua muda gani. Wino akajibu kwamba ni kazi ya asubuhi moja. Akamuuliza amesomea wapi, lakini kabla Wino hajajibu, Shangazi akapanda ngazi, maji yakimtiririka, akasimama mbele ya wajumbe wote, wapishi na wahudumu waliojazana mlangoni.

"Huyu ni mtoto wangu," alisema. "Nilisema sikumlea aje kuchimba mitaro. Nilikuwa sijui ninachokisema. Nalifuta neno hilo, na wote mliopo hapa mmesikia."

Wino aliangalia chini, akaanza kukunja mpira wake ambao tayari alikuwa ameukunja.

Bodi haikutoa uamuzi siku ile. Iliamua tundu lizibwe, bwawa lijazwe, lipimwe kwa siku kumi. Wino akasafisha mdomo wa kibomba, akauziba kwa gundi ngumu inayokauka chini ya maji, akairudisha taa na kuijaribu. Bwawa likajazwa. Siku kumi zilipopita, ndoo na bwawa vilikuwa vinakwenda sawa, ukucha kwa ukucha, na habari ya ukumbi ikawekwa kabatini. Mkurugenzi akabaki mkurugenzi. Tabasamu lilirudi baada ya wiki mbili, dogo kidogo kuliko la mwanzo.

Ndipo ikaja barua nyingine. Ilisema kwamba uongozi, kwa kuzingatia utumishi wake wa muda mrefu, umemsamehe msimamizi wa bwawa uzembe uliotajwa. Wenzake walimpongeza. Walimwambia sasa yamekwisha, ashukuru Mungu, aachane nayo. Shangazi alikwenda ofisini na kuiweka barua juu ya meza ya mhazili.

"Anayesamehewa ni aliyekosa. Mimi sikukosa. Mwambieni aandike upya."

Ya pili ilisema kwamba shauri lake limefungwa. Akairudisha pia. Mhazili akamwonea huruma na kumuuliza anataka iandikwe nini hasa, naye akasema anataka iandikwe kilichotokea. Wino, ambaye kwa wakati huo alikuwa kazini mbali, kwenye kidimbwi cha samaki kilichokuwa kinakauka, alimpigia simu kila jioni kuuliza kama ya tatu imetoka, na kila jioni alimwambia asilegeze.

Ilitoka baada ya wiki tano. Mistari ilikuwa miwili. Msimamizi wa bwawa hakufanya kosa lolote. Maji yalikuwa yakivuja nyuma ya taa ya tatu kutokana na ufungaji mbaya.

Shangazi akaomba nakala, na nakala hiyo akaibandika kwenye ukuta wa korido inayotoka ofisini kwenda bwawani, usawa wa macho ya mtu mrefu. Mkurugenzi alipoiona alimwambia kwamba kuta za kituo si mahali pa kuweka barua za mtu binafsi. Shangazi alikuwa anasukuma kiti cha magurudumu cha mgonjwa mpya, bibi mmoja aliyepooza upande na ambaye aliogopa maji kupita kiasi.

"Iko hapo, baba," alimwambia. "Ukitaka itoke, itoe kwa mkono wako."

Akampita. Bibi kwenye kiti akauliza barua hiyo inasema nini, na Shangazi akasimamisha kiti, akamsomea yote kwa sauti, taratibu, Mkurugenzi akiwa bado amesimama pale pale. Kisha akamwambia avue khanga, wanaingia majini.